Kila Mdudu na Saa Yake: Kinga ya Msafiri katika Msitu wa Mvua

Magharibi ya Uganda, chini ya milima ya Ruwenzori na karibu na mto Semliki unaopakana na Kongo, uko msitu wa Bwamba. Msitu huu ni ncha ya mashariki ya msitu mkubwa wa Ituri, na kwa sababu hiyo mimea, wanyama na wadudu wake wanafanana zaidi na wale wa Kongo kuliko wa nchi nyingine za Afrika ya Mashariki. Hewa yake ina joto na unyevu mwaka mzima, na miti yake mirefu huuzuia mwanga wa jua usifike ardhini isipokuwa kwa vipande vipande. Tangu mwaka 1993 msitu huo umehifadhiwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Semuliki. Watafiti, wanafunzi na watalii huutembelea ili kujifunza habari za ndege, kima na miti isiyopatikana kwingineko katika eneo hili la dunia.

Msafiri anayejiandaa kwenda mahali kama hapo huambiwa ajilinde na wadudu. Ushauri huo ni mzuri, lakini hautoshi. Msituni wamo wadudu waenezao maradhi wa aina nyingi, na kila aina ina saa yake ya kuuma, mahali pake pa kuzaliana na kimo chake cha kuruka. Kinga inayomfaa mtu usiku wa manane yaweza isimfae hata kidogo saa ya machweo. Ujuzi huu haukupatikana kwa kubahatisha. Sehemu yake kubwa ilipatikana katika misitu ya Uganda, kwa kazi ya miaka mingi iliyoanza na fumbo moja kuhusu homa ya manjano.

Fumbo la Bwamba

Homa ya manjano husababishwa na virusi, yaani viini vidogo mno visivyoweza kuonekana kwa hadubini ya kawaida. Mbu mwenye virusi hivyo akimwuma mtu asiye na kinga, ugonjwa huanza baada ya siku 3 hadi 6 kwa homa, maumivu ya kichwa na mgongo, na kutapika. Wagonjwa wengi hupata nafuu baada ya siku chache. Lakini wako wanaorudiwa na homa kali zaidi: ini huharibika, macho na ngozi hugeuka rangi ya manjano, na damu hutoka puani, mdomoni na tumboni. Kiasi cha nusu ya wagonjwa wanaofikia hali hiyo hufariki. Mpaka leo haijapatikana dawa ya kuviua virusi hivyo mwilini. Daktari huweza tu kumsaidia mgonjwa astahimili mpaka mwili wake wenyewe uvishinde.

Mwaka 1881 Carlos Finlay, daktari wa Cuba, alitoa hoja kwamba ugonjwa huu huenezwa na mbu. Mwaka 1900 tume iliyoongozwa na Walter Reed, daktari wa jeshi la Marekani, ilithibitisha hoja hiyo mjini Havana. Mbu aliyehusika ni yule aitwaye na wanasayansi Aedes aegypti, ambaye huishi majumbani mwa watu na kutaga mayai katika mitungi, mapipa na makopo yenye maji. Basi kwa miaka mingi homa ya manjano ilidhaniwa kuwa maradhi ya miji na bandari, ambayo yangekwisha mara watu watakapofunika mitungi yao.

Mwaka 1936 Wakfu wa Rockefeller wa Marekani ulianzisha taasisi mjini Entebbe kwa ajili ya kuchunguza homa hiyo katika Afrika ya Mashariki. Damu ya wakazi wa Bwamba ilipopimwa, baadhi yao walionekana kuwa na kinga ya homa ya manjano, jambo lililoonyesha kwamba virusi vilikwisha kuingia miilini mwao. Bwamba haukuwa mji wala bandari. Mbu wa mitungi hakuonekana kuwa ndiye mwenezi huko. Lililoshangaza zaidi ni kwamba kima nao walikuwa na kinga hiyo, hata wale walioishi ndani kabisa ya msitu, mahali pasipokaa watu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940 sehemu ya fumbo hilo ilifumbuliwa. Virusi vilipatikana katika mbu aliyeitwa wakati huo Aedes simpsoni. Wale wa jamii hiyo wanaowauma watu siku hizi huitwa Aedes bromeliae. Mbu huyu huzaliana katika maji machache yanayobaki pale jani linapoungana na shina, hasa kwenye migomba na magimbi. Huuma mchana, katika mashamba ya watu. Hivyo ilijulikana ni nani aliyewaambukiza wakulima. Lakini ndani ya msitu hakuna migomba wala magimbi. Nani basi aliyewaambukiza kima?

Majukwaa juu ya miti

Mwaka 1942 mtaalamu wa wadudu kutoka Uskoti, Alexander Haddow, alijiunga na taasisi ya Entebbe. Yeye na wenzake waliona kwamba mbu wa msituni hawawezi kufahamika kwa kuwakamata ardhini tu, wala kwa kuwakamata mchana tu. Kwa hiyo yalijengwa majukwaa ya mbao juu ya miti mirefu ya Bwamba, katika vimo mbalimbali toka karibu na ardhi hadi vileleni. Wakazi wa Bwamba waliofunzwa kazi hiyo walikaa juu ya majukwaa kwa zamu, mchana kutwa na usiku kucha, wakimkamata kila mbu aliyetua miguuni au mikononi mwao. Mbu wa kila saa waliwekwa mbali na wa saa nyingine, kisha wakahesabiwa na kutambuliwa aina zao.

Kazi hiyo ilikuwa ya kuchosha, lakini matokeo yake yalikuwa wazi. Kila aina ya mbu ilikuwa na saa yake na kimo chake. Mmoja wao, Aedes africanus, ambaye hutaga mayai katika matundu ya miti yenye maji ya mvua, alionekana kwa wingi vileleni mwa miti. Tena wingi huo haukuenea usiku mzima. Ulipanda ghafula mara tu baada ya jua kutua, ukadumu muda mfupi, kisha ukashuka.

Saa hiyo ndiyo saa ambayo kima wamekwisha kupanda juu ya miti mirefu na kutulia ili walale. Hapo fumbo likawa limefumbuliwa. Virusi vya homa ya manjano huzunguka vileleni, toka kima hadi mbu na toka mbu hadi kima, juu ya kichwa cha mtu anayepita chini bila habari. Kima wa Afrika kwa kawaida hawafi kwa ugonjwa huu. Hubeba virusi katika damu kwa siku chache, kisha hupata kinga. Kwa hiyo hakuna mizoga ya kumwonya mpita njia kwamba maradhi yapo.

Yafaa wanafunzi wazingatie kwamba mbu hufuata jua, hawafuati saa ya ukutani. Bwamba iko magharibi zaidi kuliko Mombasa, na jua hutua huko zaidi ya nusu saa baada ya kutua Mombasa, ingawa sehemu zote mbili hutumia majira yale yale ya Afrika ya Mashariki. Msafiri kutoka pwani aliyezoea kujikinga saa fulani ya jioni imempasa kuitazama mbingu ya mahali alipo. Hesabu ya saa ya Kiswahili, ambayo huanza kuhesabu upya jua linapochomoza na linapotua, yafaa sana kwa jambo hili.

Mnyororo wa pete tatu

Virusi hutokaje vileleni hadi kumfikia mtu? Kima mwenye mkia mwekundu hupenda ndizi, na hutoka msituni kuiba mashambani. Akiwa huko mchana huumwa na mbu wa migomba. Virusi huhitaji kiasi cha wiki moja hadi mbili kuzaliana mwilini mwa mbu, na baada ya hapo mbu huyo humwambukiza mkulima. Njia ya pili ni mtu mwenyewe kuingia msituni na kukaa mahali ambapo mbu wa vileleni humfikia. Huko Brazil na Colombia ilionekana kwamba wakata miti ndio waliopatwa zaidi, kwani mti mrefu unapoangushwa mbu wa kileleni hushuka pamoja nao.

Pete ya tatu ya mnyororo huu iko mjini. Mtu aliyeambukizwa msituni akirudi nyumbani akiwa na virusi katika damu, mbu wa mitungi huweza kumwuma na kuwaambukiza majirani. Hapo hapahitajiki tena kima wala msitu. Mwaka 2016 homa ya manjano ilienea mijini nchini Angola na katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na wasafiri waliotoka Angola waliugua walipofika Kenya na China. Nchini Kenya kwenyewe ugonjwa ulizuka katika bonde la Kerio mwaka 1992 na 1993. Mbu wa kuupokea ugonjwa huu mijini yupo tayari: milipuko ya homa ya dengi mjini Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019 ilienezwa na Aedes aegypti huyu huyu.

Virusi vya Zika navyo vilianzia msituni. Viligunduliwa mwezi wa Aprili mwaka 1947 katika damu ya tumbili wa Asia aliyefungiwa ndani ya tundu juu ya jukwaa, katika msitu wa Zika karibu na Entebbe. Mwaka uliofuata vilipatikana katika Aedes africanus wa msitu huo. Kwa miaka mingi vilihesabiwa kuwa jambo la wataalamu tu. Kisha mwaka 2015 na 2016 vilienea Brazil na nchi jirani, vikibebwa na mbu wa mjini, na watoto wengi wakazaliwa wakiwa na vichwa vidogo visivyo vya kawaida. Ni dhahiri basi kwamba kinga ya msafiri wa msituni ni kinga ya jamii yake pia.

Wadudu wa mchana

Mbu wa machweo si adui wa pekee. Mchana, kando ya mito yenye maporomoko, wako inzi wadogo weusi waitwao usubi. Mabuu yao hayawezi kuishi katika maji yaliyotuama, kwa sababu huhitaji maji yaendayo kasi yenye oksijeni nyingi. Aina moja, Simulium neavei, iliwasumbua wachunguzi kwa muda mrefu kwani mabuu yake hayakuonekana juu ya mawe wala majani. Mwaka 1950 van Someren na McMahon walitangaza kwamba wameyakuta nchini Kenya yakiwa yamejishikiza juu ya magamba ya kaa wa mtoni. Inzi huyo aliangamizwa nchini humo kwa kutia dawa ya DDT katika mito.

Usubi hueneza minyoo midogo ambayo vijana wake huingia ngozini na machoni. Ngozi huwasha mno na kukunjamana, na macho hupofuka polepole. Nchini Tanzania ugonjwa huu umejulikana sana katika sehemu za Mahenge na katika milima ya mkoa wa Tanga. Madhara makubwa huja baada ya kuumwa mara nyingi kwa miezi au miaka. Msafiri wa siku chache hana hatari kubwa, lakini mfanyakazi wa msitu au mwalimu aliyehamishiwa kijiji cha kando ya mto kwa miaka kadhaa yu hatarini.

Mbung'o naye huuma mchana. Katika misitu ya Kongo na kandokando ya maziwa na mito ya Uganda, mbung'o wa mtoni hueneza malale. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa huo uliua watu zaidi ya 200,000 karibu na Ziwa Victoria, na mwaka 1903 David Bruce alionyesha huko Uganda kwamba mwenezi wake ni mbung'o. Mdudu huyu huvutwa na kitu kinachosogea, kama vile gari au mnyama, na huipenda rangi ya buluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mdomo wake hupenya kitambaa chepesi.

Yuko pia pange wa msitu, wa jamii iitwayo Chrysops, katika misitu ya Kongo na Kameruni. Hueneza mnyoo wa loa, ambao huonekana wakati mwingine ukipita chini ya utando wa jicho la mgonjwa. Pange huyu huishi vileleni na hushuka mchana. Watu wengi huamini kwamba moshi wa kuni huwafukuza wadudu wote. Uchunguzi uliofanywa Kameruni ulionyesha kwamba kwa pange huyu mambo ni kinyume: moshi wa kuni humwita ashuke. Hivyo mtu anayekaa mchana karibu na moto akidhani amejikinga huenda anajiletea mwenezi.

Mdudu wa usiku

Usiku ni zamu ya Anopheles, mbu aenezaye malaria, ambaye Ronald Ross aliona ndani yake vimelea vya ugonjwa huo huko India tarehe 20 Agosti 1897. Katika Afrika aina iliyo hatari kupita zote, Anopheles gambiae, huuma zaidi toka usiku wa manane hadi karibu na alfajiri. Mbu huyu hupenda kutaga mayai katika madimbwi madogo yanayopata jua. Kivulini ndani ya msitu mnene madimbwi ya namna hiyo ni haba. Mtu anapokata miti, akafungua uwanja wa kambi na kuacha nyayo na alama za magurudumu zinazojaa maji ya mvua, humtengenezea mbu wa malaria makao mapya. Ndiyo sababu malaria husumbua zaidi kambi, vijiji na mashamba ya ukingoni kuliko kiini cha msitu.

Kinga kwa kufuata saa

Aliyekwisha kuelewa saa za wadudu hawa ataona kwamba chandarua peke yake hakitoshi. Chandarua kilichotiwa dawa ni kinga bora ya malaria, kwa kuwa mwenezi wake huja wakati watu wamelala. Lakini mbu wa homa ya manjano huuma mchana shambani na saa ya machweo msituni, wakati msafiri bado anaoga, anapika au anazungumza na wenzake. Kwa hiyo kinga ya kwanza dhidi ya homa hiyo ni chanjo.

Chanjo iitwayo 17D ilitengenezwa na Max Theiler na wenzake mwaka 1937, na mwaka 1951 Theiler alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya ugonjwa huu. Hutengenezwa kwa virusi hai vilivyopunguzwa ukali. Sindano moja hutoa kinga ya maisha, na tangu mwaka 2016 kanuni za afya za kimataifa hukubali cheti chake kwa maisha yote ya mwenye nacho. Cheti huanza kutambuliwa siku ya 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo si jambo la kungojea siku ya safari. Watoto wachanga, watu ambao kinga ya miili yao imedhoofika sana na wale wanaodhuriwa vibaya na mayai ya kuku hawachanjwi bila shauri la daktari.

Malaria haina chanjo kwa ajili ya wasafiri. Chanjo zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 na 2023 ni za watoto wanaoishi penye ugonjwa. Msafiri anayetoka mahali pasipo na malaria, mathalani nyanda za juu zenye baridi, hupewa na daktari dawa za kumeza za kujikinga. Baadhi ya dawa hizo huendelea kumezwa kwa siku 7 baada ya kutoka msituni na nyingine kwa wiki 4. Wengi huugua kwa sababu huziacha siku ile ile wanayofika nyumbani.

Mchana, nguo ndiyo ngao. Shati la mikono mirefu, suruali ndefu, soksi na viatu vinavyofunika mguu vinatakiwa, vyote vya kitambaa kizito kiasi, tena vya rangi ya mchanga au majani makavu. Nguo za buluu na nyeusi ziachwe nyumbani kwa ajili ya mbung'o. Nguo zaweza kutiwa dawa ya permethrini, ambayo huua wadudu wanaotua juu yake. Dawa hiyo ni ya nguo na vyandarua, si ya ngozi. Kambi isipigwe kando ya maporomoko ya mto wala karibu na migomba, na madimbwi ya uwanjani yafukiwe.

Sehemu za mwili zisizofunikwa zipakwe dawa ya kufukuza wadudu. Iliyochunguzwa kwa miaka mingi zaidi ni DEET, iliyotengenezwa kwa ajili ya jeshi la Marekani mwaka 1946. Mchanganyiko wenye asilimia 20 hadi 50 hutosha kwa saa kadhaa, lakini jasho na maji huiondoa, hivyo hupakwa tena. Isiingie machoni wala kwenye vidonda. Anayetumia mafuta ya kuzuia jua ayapake kwanza, kisha dawa hii juu yake.

Kabla jua halijatua, maji yawe yamekwisha kuchotwa na watu wawe wamekwisha kuoga. Saa ya machweo si wakati wa kukaa kifua wazi kando ya mto, bali ni wakati wa kuteremsha mikono ya shati na kupaka dawa upya. Wakati wa kulala, chandarua kichunguzwe kama kina tundu, kisha pindo zake zichomekwe chini ya godoro au mkeka pande zote. Anayelala katika machela iliyofungwa mitini atumie chandarua kilichoshonwa kwa ajili yake, kinachofunika chini pia, kwa kuwa mbu huweza kumwuma kupitia kitambaa cha machela.

Baada ya kurudi

Safari haiishi msafiri anapofika nyumbani. Vimelea vya malaria ya hatari huhitaji siku 7 au zaidi mwilini kabla ya homa kuanza, na mara nyingine wiki kadhaa. Aliyetoka msituni akipata homa wakati wowote katika miezi inayofuata, yampasa kwenda hospitali siku hiyo hiyo apimwe damu, na kumweleza daktari alikuwa wapi na lini. Asijitibu kwa kukisia. Dawa inayotumika kutibu usubi, ivermektini, kwa mfano, huweza kumdhuru vibaya mtu mwenye minyoo mingi ya loa katika damu. Aspirini nayo isitumike kabla ugonjwa haujajulikana, maana huzidisha kutoka damu endapo homa ni ya manjano au ya dengi.

Tena mgonjwa huyo alazwe ndani ya chandarua mchana na usiku katika siku za mwanzo za homa. Wengi hushangaa wakiambiwa hivyo, kwani chandarua huwekwa ili kumlinda mtu asiugue, na huyu amekwisha kuugua. Lakini hapa wanaolindwa ni jamaa zake na majirani. Mbu wa mitungi huuma mchana, na akizuiwa asiifikie damu yenye virusi, pete ya tatu ya mnyororo haiungani.

Kazi ya darasani

Walimu wa bayolojia wanaweza kuyafundisha mambo haya bila kwenda msituni. Wanafunzi wachore duara kubwa lenye sehemu 24, sehemu moja kwa kila saa, na kuonyesha macheo na machweo ya mahali pao. Kisha wapake rangi saa za kila mdudu: mbung'o, usubi na mbu wa migomba mchana, Aedes africanus baada ya machweo, Anopheles usiku. Nje ya duara waandike kinga inayofaa kwa kila saa. Watagundua wenyewe ni saa zipi ambazo kinga iliyozoeleka nyumbani kwao haizifikii.

Kazi ya pili ni kutafuta mabuu ya mbu katika eneo la shule: ndani ya makopo, matairi, matundu ya miti, na penye maji kati ya majani ya magimbi na migomba. Mabuu ya Anopheles hulala sambamba na uso wa maji. Yale ya Aedes huning'inia kichwa chini, yakipumua kwa mrija ulio karibu na mkia. Darasa liandike ni aina gani ilipatikana wapi. Buu huweza kugeuka mbu kwa siku 7 hivi, kwa hiyo maji yote yaliyochunguzwa yamwagwe mahali pakavu siku hiyo hiyo, na kila kopo lifukiwe au lifunikwe.